Kumbukumbu ya mradi: poka ya senti mtandaoni, kutoka meza ya dola 2 kwenda ya dola 5

Hatua ya sasa ni Texas Hold'em (poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili za siri, na tano zinazofunguliwa mezani ni za wote), meza ya watu sita, madau ya lazima senti 1 na senti 2. Kiingilio kamili ni dola 2, yaani dau kubwa la lazima (senti 2, kuanzia hapa "dau kubwa" tu) mara 100. Mtaji ni dola 80, sawa na viingilio 40, na haugusani na pesa za matumizi. Kupanda meza ya dola 5 kunangoja dola 200. Zikishuka hadi 150, kurudi chini ni papo hapo.

Viingilio 40 vinaonekana vingi mpaka upige hesabu ya kuyumba. Katika meza ya watu sita matokeo huyumba kwa takriban dau kubwa 90 kila mikono 100 (mkono ni mzunguko mmoja wa mchezo). Mikono 10,000 ni makundi 100. Kuyumba hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya makundi; cha 100 ni 10, kwa hiyo kunafika dau kubwa 900, viingilio 9. Mchezaji mzuri anayepata dau kubwa 5 kwa kila mikono 100 anatarajia faida ya 500 tu. Yaani anaweza kucheza sawasawa na bado akamaliza mikono 10,000 akiwa na hasara, karibu mara 3 kati ya 10. Ndiyo maana salio halitumiki hapa kupima maendeleo. Kinachopimwa ni maamuzi.

Zoezi la kipindi hiki: kulipia karata ya mwisho. Mezani kuna senti 40, mpinzani anaweka 20. Unalipa 20 katika jumla ya 80, basi unahitaji nafasi ya 25%. Ukiwa na kopa nne na unangoja ya tano ili zote tano ziwe za aina moja, zimebaki kopa 9 kati ya karata 46 usizoziona, sawa na 19.6%. Tupa, isipokuwa una hakika atakulipa senti 23 au zaidi ukiipata. Angeweka 10 tu, ungehitaji 16.7%, na hapo kulipa ni halali. Kosa la kawaida ni kutumia ile 35% ya karata mbili zijazo wakati imebaki moja.

Makato, yaani sehemu ya pesa za mezani ambayo jukwaa huchukua, nayo yanauma kuliko watu wanavyodhani. Pale yanapokuwa 5%, senti 40 zinakatwa 2, dau kubwa zima. Majukwaa mengi hayakati mkono ukiisha kabla ya karata tatu za kwanza kufunguliwa, kwa hiyo ukiingia, ongeza hadi senti 6. Kulipia senti 2 ili kuchungulia hupoteza polepole.

Kutishia bila karata kumepunguzwa sana. Wachezaji wa meza hizi hawapendi kutupa jozi, watalipa tu. Na mtu mkimya akiongeza dau kwenye karata ya mwisho, jozi moja, hata ya ree, inatupwa.

Kinachofuata ni mikono ya dau dogo la lazima: kuongeza au kutupa, bila kulipia senti 1 iliyobaki.