Kumbe kaka alijua muda wote

Jamani nimemaliza. Toleo namba 700. Mnaonifuatilia mnajua mimi na kaka tulianza kumsoma Spider-Man, vile vitabu vya katuni, toka toleo la kwanza kabisa, lile la 1963, kila Jumamosi na Jumapili usiku, tableti moja watu wawili, miaka minne sasa. Basi Jumamosi tumefika mwisho na toka siku hiyo silali vizuri. Wiki yenyewe imekuwa na mambo, mama katolewa mtoto wa jicho Jumanne na operesheni imeenda salama alhamdulillah, kazini mkataba wangu wameuongeza mwaka mzima, lakini kichwani kwangu kinazunguka kitu kimoja tu.

"Kaka, ulikuwa unajua?"

"Najua."

"Toka lini?"

"Kabla hatujaanza. Sasa ningekwambia, ungesoma?"

Basi. Hayo tu. Kayasema bila hata kuniangalia, mi nikainuka nikaenda kulala.

Ambao hamjasoma niwaeleze. Octopus, adui wa Spider-Man wa miaka na miaka, yuko hoi anakata roho, anafanya ufundi wake, akili yake inahamia kwenye mwili wa Peter, ndo Spider-Man mwenyewe, na Peter anajikuta ndani ya ule mwili unaokufa. Wewe unasoma huku unajua tu atapata upenyo dakika ya mwisho, si ndo kawaida yake. Hapati. Anachoweza ni kummiminia mwenzie kumbukumbu zake zote, kuanzia kifo cha Uncle Ben aliyemlea, mpaka Octopus mwenyewe anauona ule mzigo ulivyo na anaahidi kuubeba. Alafu Peter anakufa, na sura ya mtu mwingine. Kwa dunia nzima aliyekufa ni Octopus, hakuna msiba, hakuna wa kumlilia, na aliyemuua anaondoka na mwili wake na jina lake na Aunt May wake, mke wa Uncle Ben.

Na hii ni Desemba 2012, mwaka huohuo ambao Spider-Man alikuwa anatimiza miaka 50, maana alitokea mara ya kwanza 1962 kwenye kitabu kingine kabla hajapata chake! Ndo zawadi yake hiyo?

Kinachoniuma zaidi ni toleo namba 33, la 1966. Pale Peter amelaliwa na lile dude la chuma, maji yanaingia, dawa ya Aunt May iko pale mbele yake anaiona lakini haifikii, na analiinua, ukurasa baada ya ukurasa analiinua, mpaka linasogea. Siku tunaisoma kaka alirudi nyuma tukaangalia tena kurasa zile bila kuongea. Na aliyekuwa nyuma ya mambo yote yale ni Octopus huyuhuyu! Yaani ule mwili uliolibeba lile dude ndo huo anaotembea nao sasa hivi. Gwen, mpenzi wake, alipokufa, namba 121, nililia lakini nilikubali, maana Peter alikuwepo, alimbeba, alimlilia. Huyu kabebwa na nani?

Sasa Jumapili nikashinda nayo ile "ningekwambia, ungesoma?" Jumatatu hivohivo. Nikawa naisikia kama kejeli, kwamba mwenzangu miaka minne ananiangalia nampenda huyu mtu, nacheka, napanga itakuwaje, na yeye anajua anapelekwa wapi. Nilikasirika kweli, chai asubuhi nilikuwa namwekea mezani naondoka.

Jana usiku nikiwa nimelala macho ndo nikaanza kukumbuka vitu. Toka tuingie namba 690 na kitu, kaka amekuwa na visingizio. Mara amechoka, mara tableti haina chaji, na mimi niliiona ina chaji zaidi ya nusu nikanyamaza. Mara tukarudie kwanza ile ya harusi ya Peter na MJ ya 1987. Wiki tatu tumekaa hatuvuki namba 697. Na ile Jumamosi yenyewe alikuwa ananishikia tableti, na kwenye ukurasa wa mwisho mkono wake ulitulia tu, hakufunua mpaka nilipomwambia funua. Mtu anayefanya kejeli hafanyi hivo. Alikuwa anajua na hakutaka tufike, na bado alikaa akafika na mimi, mara ya pili kwake. Yaani ile mara ya kwanza alisoma peke yake, sijui alimwambia nani.

Leo asubuhi nimekaa nikanywa nae chai. Hatujaongea ya Spider-Man, kasema tu, "Anarudi, 2014 anarudi," nikamwambia usiniambie zaidi, akacheka. Mwisho ule bado ni mbaya na sitaubadilishia jina. Shujaa wa matoleo 700 anastahili angalau mtu mmoja ajue kwamba kafa. Lakini Jumamosi hii tunaendelea, nimeshamwambia aweke chaji.

Ila kuna kitu kingine. Ile chupa ya dawa ya macho ya mama, ya kudondoshea mara nne kwa siku, nimeiinua jioni hii kwenye mwanga nikaiangalia. Imejaa vilevile kama tulivyoileta Jumanne. Na kila nikimuuliza anasema nimeshaweka mwanangu.