Nimemaliza kumsoma Chaudhuri

Jana usiku nimemaliza kitabu cha K. N. Chaudhuri kuhusu biashara na ustaarabu katika Bahari ya Hindi, kile cha mwaka 1985, na usingizi haukuja. Nimekulia Tanga. Babu alikuwa akitaja kaskazi na kusi kama mtu anayetaja majirani zake. Kumbe pepo hizo hizo ndizo zilizompa profesa huyu wa London, aliyefundisha historia ya uchumi wa Asia, njia ya kuziona bandari za Kilwa, Aden, Surat, Calicut na Malacca kama ulimwengu mmoja. Unakwenda na upepo, unasubiri, unarudi nao.

Kabla ya hapo alizama kwenye madaftari ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Miaka 100 ya hesabu, 1660 hadi 1760! Pilipili, vitambaa vya pamba, hariri, chai, fedha. Akazichambua kwa kompyuta, na kitabu kikatoka 1978. Nafikiria subira hiyo, namheshimu.

Angeweza kubaki humo humo. Lakini akageuka kuuliza Wareno walikuta nini walipoingia bahari hii mwaka 1498. Walikuta masoko ya karne nyingi, mikopo, mizani, mahodari wa bahari. Hata rubani wa kuwavusha hadi India walimpata Malindi.

Mdogo wangu anaanza chuo mwezi ujao. Nakala hii nampa yeye, na mistari yangu ya penseli humo humo.