Kuunganisha ndondi na judo: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumatatu, baada ya zamu ya usiku

Nimelala kidogo, nikaenda kujifua. Kwa wanaoanza kufuatilia leo: mimi ni askari polisi, karate niliianza utotoni, ndondi zikanikamata ujanani, na judo nikaikuta nilipoingia kazini. Zote tatu nazipenda kwa dhati, ila kwa miaka mingi zimeishi ndani yangu kama wapangaji wasiosalimiana. Mradi huu ni wa kuzipatanisha, hasa ndondi na judo: nianzie umbali wa ngumi, nimalizie mtu akiwa kifudifudi, pingu mkononi, na hakuna aliyeumia.

Ugumu uko kwenye miguu. Bondia husimama kiubavu, kisigino cha nyuma kimeinuka, kwa sababu anataka aingie, apige, atoke. Mwanajudo hukabili zaidi kwa kifua, nyayo zake zinateleza juu ya mkeka na hazikutani kamwe, maana miguu ikikutana tu, umeshaangushwa. Ukihama kutoka mkao mmoja kwenda mwingine kuna kitambo ambacho huna hata mmoja. Hicho kitambo ndicho ninachokifanyia kazi.

Alhamisi

Hatua nzuri leo. Nikirusha konde la mkono wa mbele, mkono haurudi kidevuni. Unashuka juu ya mkono wa mwenzangu, karibu na kiwiko, na kushika nguo. Mguu wa nyuma unapanda hapo hapo, nje ya mguu wake. Polepole inakubali kabisa. Kwa kasi, bega langu bado linatangulia mguu.

Ulingoni, mwamuzi angetutenganisha. Sheria za Queensberry za mwaka 1867, zilizoleta glavu na raundi za dakika tatu zenye mapumziko ya dakika moja, zilipiga marufuku kukumbatiana na kupigana mieleka. Kabla ya hapo mabondia wa Uingereza waliruhusiwa kumkamata mpinzani juu ya kiuno na kumbwaga, na raundi iliisha mtu akianguka. Kwa hiyo pengo ninalohangaika nalo halikuwepo tangu mwanzo, lilitengenezwa na sheria. Hilo limenipa moyo sana.

Upande wa pili, Kano Jigoro, mwasisi wa judo, alipoanzisha shule yake ya Kodokan huko Japani mwaka 1882, mbinu hatari zaidi za jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ya Kijapani iliyozaa judo, aliziondoa kwenye mazoezi huru, ili watu waweze kukabana kwa nguvu zao zote na kesho yake warudi mazoezini. Naamini hapo ndipo judo na ndondi zinafanana kuliko chochote kingine: unajifunza na mtu asiyetaka ufanikiwe. Mtu wa mtaani naye hataki.

Jumamosi

Osoto-gari, mtupo wa judo wa kumfagia mtu mguu kwa nyuma ili aanguke chali, nimeiweka kando kwa matumizi ya kazini, ingawa ndio ninaoupenda kuliko yote. Kwenye mkeka mwenzangu anajua kuanguka, kidevu amekibana kifuani, nami namvuta mkono wa nguo ili atue vizuri. Kwenye lami kisogo kinaweza kutangulia. Badala yake namvunja mizani, namzungusha kwa mkono niliokwisha kuushika, namteremsha hadi magoti, kisha tumbo. Haipendezi macho. Lakini mkono siuachii toka mwanzo hadi mwisho, na pumzi yangu inabaki ya kawaida, kiasi kwamba naweza kuongea naye wakati wote. Hili la kuongea nalipigania kuliko mbinu yenyewe, kwani mtu anayesikia sauti tulivu mara nyingi huacha kujikaza.

Jioni nilikuwa na vijana ninaowafundisha ndondi. Huwa namkumbuka Joe Martin, polisi wa Louisville, Marekani, aliyefundisha ngumi nje ya kazi. Mwaka 1954 mtoto wa miaka 12 alimwendea akilia kwamba baiskeli yake imeibwa na kwamba atamchapa mwizi. Martin akamwambia ajifunze kupigana kwanza. Mwaka 1960 kijana huyo, Cassius Clay, alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Roma, na baadaye akawa Muhammad Ali. Kwangu mimi ile ni kazi ya polisi iliyofanyika vizuri kuliko ukamataji mwingi.

Wiki ijayo: mchanganyiko uleule nikiwa nimetanguliza mguu wa kulia, na mwenzangu avae koti la mvua badala ya judogi, yaani vazi la judo, maana kitambaa kinachoteleza kitanionyesha kama mshiko wangu uko kwenye vidole au kwenye nguo.