Kitufe cha TARE kilivyonipikisha uji wa keki

Mizani niliinunua Marikiti kwa elfu na kitu, ndogo, ya betri, ina kitufe kimeandikwa TARE. Jirani akanionya, "Hicho usikiguse, chafuta mizani nzima." Nami nikamsikiza! Mpwa wangu, ajionaye bingwa wa Kiingereza, akatafuta kwenye simu: "Shangazi, maana yake magugu." Magugu kwenye mizani ya keki.

Basi nikaweka bakuli la kioo, nikamimina unga mpaka ikasoma 500. Mayai manne, siagi, maziwa kikombe kizima. Nakoroga, naona mbona chepechepe? Nikajipa moyo kuwa moto utajua wenyewe. Baada ya dakika 40 kikatoka kitu ambacho mume wangu alikila kwa kijiko, akaniuliza hiyo pudini nimejifunza wapi. Kumbe bakuli tupu lilikuwa gramu 380. Unga wangu wote ni 120!

Aliyenifungua macho ni ami yangu, karani mstaafu wa bandarini Kilindini. "Mwanangu, neno hilo si lipo kwenye mlango wa kila kontena?" Kweli, nimeyapita makontena umri wangu wote. TARE ni uzito wa chombo kitupu, utolewao ili ubaki wa mzigo wenyewe. Kontena la futi 20 tupu lapita kilo 2,000. Hutamkwa sawasawa na lile neno la Kiingereza la kurarua, "tear", msiseme "tare" kama mwanzo wa tarehe, nilichekwa.

Asili yake sasa ndiyo iliyonikera. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, lakini mzizi ni Kiarabu: taraha, kutupa. Hata kutoa kwenye hesabu Waarabu huita tarhi. Ustadhi wa mtaani angenijibu kabla simu haijawaka. Magugu ya mpwa wangu ni neno jingine kabisa, lile la Mathayo 13 kwenye Biblia ya Kiingereza ya zamani. Yameandikwa sawa tu.

Siku hizi bakuli silichafui hata moja. Naweka mkebe mzima wa sukari juu ya mizani, nabonyeza TARE, inasoma 0. Nateka kwa kijiko naitia moja kwa moja kwenye mchanganyiko mpaka isome -150. Hiyo ndiyo sukari niliyotoa, barabara. Asali ndiyo raha zaidi, maana haigandi kwenye kikombe cha kupimia.

Jirani juzi kaja kuazima mizani. Nimempa, nikamwambia kile kitufe asikiguse.