Nilivyowashikisha wanafunzi wangu ioni kwa mkono, hapa Dodoma

Kila niliyemuuliza aliniambia nitafute pesa kwanza. Eti bila kompyuta yenye kadi kubwa ya picha, uigaji wa molekuli unaoshikika kwa mkono ni wa kusoma tu. Ushauri huo ulinichelewesha sana, na si wa kweli. Leo wanafunzi wangu wa kemia wanaishika ioni ya sodiamu (atomu yenye chaji chanya) iliyoigwa ndani ya kompyuta, wanaivuta, na upinzani wake wanausikia vidoleni.

Kifaa ninachotumia ni Phantom Omni, kimkono chenye kalamu mwishoni na mota ndani. Kinajua kalamu iko wapi, na mota zake zinakusukuma kwa nguvu isiyozidi nyutoni 3.3, sawa na uzito wa theluthi ya kilo. Nilikipata kikiwa kimetumika, kupitia mtoto wa shangazi yangu aliyeko Marekani, na pamoja na ushuru kilinila milioni na ushee. Programu ni za bure kwa kazi za kitaaluma: VMD inayoonyesha molekuli na NAMD inayokokotoa mwendo wake, zote kutoka kundi lililoanzishwa na Klaus Schulten, Chuo Kikuu cha Illinois. Kuzisakinisha hakuna ugumu.

Ugumu ulikuwa kwenye waya. Omni ya zamani hutumia FireWire, aina ya zamani ya waya wa kuunganisha vifaa, na kompyuta yangu ya Linux haina tundu hilo. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba kigeuzi chake cha bei poa kitaipeleka FireWire kwenye USB. Msinunue! Kinabadilisha umbo la plagi tu, mawasiliano hayapiti.

Nilichofanya ni kufufua kompyuta mpakato ya zamani ya Windows, yenye tundu la FireWire, iliyokuwa imetupwa stoo. Humo nikaweka VRPN, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha North Carolina, inayokigeuza kifaa kuwa seva. Waya wa mtandao ukaunganisha mashine mbili, na VMD ikawa inamwita Omni kupitia poti 3883. Mpango huu nausifu kwa moyo wote, maana umetatua zaidi ya tundu. Mkono wa binadamu unahitaji nguvu isasishwe karibu mara 1000 kwa sekunde, la sivyo unahisi mikwaruzo. Ukokotoaji wa atomu haufiki huko. Basi mpakato unashikilia springi ya kufikirika kati ya kalamu na atomu kwa kasi hiyo, na VMD kazi yake ni kuupasha habari atomu imefika wapi.

Sasa ule ushauri mwingine. Mwenzangu wa Dar es Salaam aliniandikia WhatsApp: "Dada, anza na protini nzima ndani ya maji ndiyo uone uhalisia, na usipohisi kitu ongeza nguvu." Tukafanya hivyo, darasa zima limesimama nyuma yangu. Picha ikawa inaruka badala ya kutembea. Kila iliporuka, springi ilikaza ghafla, mkono wa kifaa ukaanza kutetemeka, ukanguruma, kalamu ikamponyoka kijana aliyeishika. Kwenye skrini atomu moja ikachomoka na kuburuta kipande cha protini, kisha NAMD ikazima, ikilalamika kwamba atomu zinakwenda kasi mno. Vijana walishangilia. Mimi nilikasirika, kwa sababu mshauri mwenyewe hajawahi kukishika kifaa hiki.

Kinachofaa ni mfumo mdogo. Nilichukua gramisidini A, kiuavijasumu kinachotoboa njia kwenye utando wa seli, nikaiweka bila maji wala utando, uti wake nikaufunga usisogee. Ni atomu mia kadhaa, kompyuta ya kawaida inazimudu. Springi anza nayo ikiwa dhaifu kabisa, upandishe kidogokidogo. Kipimo cha NAMD cha nguvu, kilokalori moja kwa moli kwa angstrom, ni kama pikonyutoni 70, yaani trilioni 70 za nyutoni moja iliyogawanywa mara trilioni, kwa hiyo kinachofika mkononi kimekuzwa mara mabilioni. Ukiongeza kwa pupa unakuza na mitetemo yote. Washa pia Langevin, sehemu ya NAMD inayodhibiti joto, maana kuvuta kunaupasha mfumo joto.

Binti mmoja alipoifikisha sodiamu mlangoni alipiga kelele: "Madam, inanivuta!" Kweli ilikuwa inavutwa, kwa sababu kuta za njia ile zimejaa oksijeni za kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni) zenye chaji hasi kidogo. Tukabadilisha, tukaweka kloridi, ioni yenye chaji hasi. Ikagoma, kama ndoo iliyonasa kwenye ukingo wa kisima. Somo la njia zinazochagua ioni chanya nimelifundisha ubaoni miaka mingi, na halijawahi kueleweka haraka namna ile.

Kabla ya kuwasha VMD, rudisha kalamu kwenye kishimo chake ili kifaa kijipime. Ukimaliza kifunike kwa khanga, upepo wetu wa kiangazi unaingiza vumbi kila mahali. Na kwenye faili la NAMD usisahau mistari ya IMDon yes pamoja na IMDport (namba ya poti), ndipo VMD iweze kujiunga.