Nilivyobadilisha diski za nyumbani bila kupoteza kanda za mjomba

Mjomba wangu amekusanya kaseti za taarabu tangu ujanani, enzi Tanga ikitamba na Black Star na Lucky Star. Lakini kilicho cha thamani zaidi kwake, na kwangu, ni kanda alizorekodi mwenyewe kwenye harusi za mtaani, kinasa sauti kakipakata mapajani. Waimbaji wengine wameshatangulia mbele ya haki. Sauti zao zimebaki kwenye maboksi ya viatu chini ya kitanda chake, na kwenye NAS, kisanduku cha diski kinachotunza mafaili ya nyumba nzima kupitia mtandao, kilichoko sebuleni kwangu Ngamiani.

NAS yenyewe ni ndogo, ya diski mbili, imekaa pembeni ya ruta. Zilikuwamo diski mbili za TB 2 zilizofungwa kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye pacha wake. Unanunua TB 4, unatumia TB 2. Kaseti moja ya dakika 90, nikiinakili kwa biti 24 na kilohezi 96, inakula GB 3 na ushei. Tulipofika kaseti ya 340, pamoja na picha na video zetu za nyumbani, nafasi ikaisha. Wapo walionishauri nipunguze ubora wa sauti. Nilikataa, kwa sababu utepe uliochakaa huenda usikubali kupigwa mara ya pili. Ukiupata leo, uchukue wote.

Kabla ya kugusa bisibisi nilifanya jambo ambalo namsihi kila mwenye NAS alifanye. Nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, kazi ya saa tano hivi, nikaipeleka kwa dada Chumbageni. RAID si akiba. Ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kwa pacha wote wawili papo hapo, na radi ikipiga nyumba wanaungua pamoja.

Diski mpya nilichukua mbili za TB 8. Hapa inabidi kuwa makini, maana diski za bei nafuu nyingi huandika kwa mtindo unaoitwa SMR, ambapo mistari ya data hupandana kama makuti ya paa. Ukitaka kubadilisha kuti moja la chini lazima uinue na yaliyolilalia. Kwa kuhifadhi sinema haina neno, ila kwenye RAID, siku ya kujenga pacha upya, diski ya namna hiyo huburuta mno. Nikatafuta za CMR, ambazo mistari yake haipandani, na zilipofika kwa basi kutoka Dar nikasoma kwanza taarifa zao za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe, kuona saa zilizotumika. Zote zilisoma sifuri. Nikachomeka na UPS, betri ya akiba, ili umeme ukikatika katikati ya kazi mashine isizimike ghafla.

Utaratibu kwenye karatasi ni mwepesi. Toa diski moja ya zamani, weka mpya, subiri pacha ajengwe. Kisha toa ya pili, weka mpya, subiri tena. Mwisho panua nafasi. Jumamosi saa nne asubuhi nikatoa ya kushoto, kwa sababu tu ndiyo namba 1, nikaingiza mpya, asilimia zikaanza kupanda.

Niliporudi kutoka msikitini kuswali adhuhuri nikakuta taa ya chungwa. Ujenzi umesimama kwenye asilimia 71. Ile diski ya zamani iliyobaki, ya kulia, ilikuwa na sekta, yaani vijisehemu vya kuhifadhia data, zisizosomeka, na kwa kuwa pacha wake nimeshamtoa, hapakuwa na wa kuzisoma badala yake. Nilikaa chini. Nakala ya kwa dada ipo, lakini mikono ilikuwa ya baridi na huku jasho linanitoka.

Kosa langu lilikuwa kwenye kipimo. Usiku wa kuamkia siku ile nilizipima diski zote mbili kwa kipimo kifupi, kile cha dakika mbili, zikapita. Kipimo kifupi hakipiti uso mzima wa diski. Kile kirefu, kinachochukua saa kadhaa kwa diski ya TB 2, ndicho kinachosoma kila sekta. Na pacha wanapofanya kazi pamoja husaidiana kusoma, hivyo kona mbovu ya mmoja inaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Kilichoniokoa ni mambo mawili. La kwanza, tangu asubuhi nilikuwa nimewakataza watu wote wa nyumbani wasiweke hata picha moja kwenye NAS. La pili, ile diski ya kushoto niliyoitoa ilikuwa mezani, haijaguswa, na ndani yake data yote kama ilivyokuwa saa nne. Nikazima mashine, nikatoa zote mbili zilizokuwamo, nikairudisha ile ya kushoto peke yake, nikawasha. Dakika zile za kusubiri nilisikia hata saa ya ukutani. Ikaamka, ikalalamika kwamba haina mwenzake, lakini mafolda yote yakaonekana. Nikafungua kanda moja ya harusi katikati ya orodha, nikasikiliza mpaka kibwagizo.

Baada ya hapo nikaifuta diski mpya, nikaiingiza, na safari hii ujenzi ukafika mwisho saa mbili usiku. Mjomba akapiga simu.

“Vipi mjomba, zimepona?”

“Shikamoo mjomba. Zimepona, lakini bado diski moja.”

Jumapili nikatoa ile ya kushoto, nikaiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito na kuiweka kabatini kama nakala nyingine, nikaingiza TB 8 ya pili. Hii haikusumbua. Ilipomaliza, mashine bado ilisoma nafasi ileile ya zamani, jambo linalowatia watu wengi hofu bure. Mpaka uiamuru ipanue, nafasi mpya haihesabiwi. Nikaiamuru, ikakesha ikisawazisha sehemu iliyobaki, na Jumatatu alfajiri ikasoma TB 7.2. Hizo pungufu hazikuibwa, ni kwamba mtengenezaji huhesabu kwa elfu na mashine huhesabu kwa 1,024.

Siku hiyohiyo niliitoa NAS kwenye kabati la vioo nikaiweka wazi, maana kipindi cha kaskazi joto la Tanga likijifungia mle ndani, diski hupata tabu. Nikapanga kipimo kirefu kijiendeshe kila mwezi.

Jioni mjomba akaja mwenyewe, akakaa, akanyoosha kidole kwenye lile sanduku dogo.

“Hapo zinaingia kaseti ngapi sasa?”

Nikampigia hesabu, nikamwambia nyingine 1,500 zinaingia na nafasi inabaki.

Akanyamaza kidogo. “Basi nitamwambia shemeji yangu wa Pangani alete na za kwake.”