Wifi kasoma ukuta

Jana tunaangalia Homeland, tamthilia ya Kimarekani ya majasusi, msimu wa tano, wifi yangu anayejua Kiarabu akapiga kelele: "Wifi, rudisha nyuma! Ukuta unawatukana wenyewe!" Nikadhani ananitania. Kweli bwana, ukutani pameandikwa kwamba tamthilia hiyo ni ya kibaguzi.

Kumbe mwaka 2015, kule Berlin, wasanii watatu walipewa kazi ya kuchora maandishi ya Kiarabu kwenye kambi bandia ya wakimbizi wa Syria. Wakaandika wanavyoiona tamthilia yenyewe. Hakuna aliyekagua, ikarushwa hivyo hivyo! Kwa watengenezaji, Kiarabu ni pambo tu, kama zulia.

Ni tamthilia hiyo hiyo iliyouonyesha mtaa wa Hamra, Beirut, wenye mikahawa na maduka, kama uchochoro wa wanamgambo. Waziri wa utalii wa Lebanon alitishia kushtaki mwaka 2012, na mimi simlaumu.

Kinachonichosha hasa ni adhana. Ikilia kwenye tamthilia za aina hii, jiandae, bomu linakuja. Kwetu ikilia alfajiri, mama anaanza kugombana na watoto wasiotaka kuamka.